Kahawa Kalinzi: Hesabu stakabadhi kabla ya kununua diski

VYAMA vya msingi vya kahawa vinavyotaka kununua kompyuta ya kutunzia nakala za akiba vinashauriwa kuhesabu stakabadhi zao kwanza, ndipo viulize bei ya diski.

Kalinzi, iliyoko milimani mkoani Kigoma kwenye barabara ya kwenda Manyovu, ni eneo la kahawa ya arabika. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ya wakulima ikusanywe kupitia vyama vya msingi. Pale mkulima anapolipwa sehemu ya fedha mwanzoni na kusubiri malipo ya pili baada ya mauzo, stakabadhi ya karani wa mizani ndiyo ushahidi wake. Kumbukumbu ya kilo zake ikipotea katikati ya msimu, mkulima hubaki akibishana na chama chake.

Wauzaji wa kompyuta kwa kawaida humwuliza mteja ana gigabaiti ngapi za kumbukumbu. Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Programu ya nakala za akiba hutunza pia faharasa, yaani orodha inayoonyesha kila faili liko kwenye nakala ipi na la tarehe gani. Ukubwa wa faharasa hufuata idadi ya mafaili na idadi ya nakala zinazotunzwa, wala si uzito wa mafaili hayo.

Chukua mfano wa chama chenye wakulima 1,000, kila mmoja akileta kahawa mara 30 kwa msimu. Hizo ni stakabadhi 30,000. Kila moja ikipigwa picha ya kilobaiti 300, jumla ni gigabaiti 9. Tuseme kila faili linachukua baiti 200 kwenye faharasa. Nakala moja kamili itahitaji faharasa ya megabaiti 6. Filamu moja ya gigabaiti 9, yenye uzito uleule, ingechukua baiti 200 tu.

Gharama hupanda kutokana na utaratibu wa kunakili. Chama kikichukua nakala kamili kila siku na kuzitunza mwaka mzima, kitahitaji terabaiti 3.3 za nakala na gigabaiti 2.2 za faharasa. Kikichukua nakala kamili mara moja kwa wiki, na siku nyingine kikanakili mafaili mapya tu, nakala 52 zitachukua gigabaiti 468 na faharasa yake haitafika megabaiti 350. Kwa chama cha ukubwa huo, kompyuta ya kawaida yenye diski mbili za terabaiti 1 inatosha. Seva kubwa ni fedha ya wakulima inayolala.

Hata hivyo, hesabu hiyo ni ya msimu mmoja. Misimu 10 ikitunzwa pamoja, mafaili yatafika 300,000 na mahitaji yote yatapanda mara 10. Aidha, programu inayotafuta maneno yaliyo ndani ya mafaili huhitaji faharasa kubwa zaidi ya ile ya majina na tarehe.

Faharasa husomwa na kuandikwa vipande vidogo vidogo mara nyingi, hivyo hufaa kuwekwa kwenye diski ya kasi isiyozunguka, huku nakala zenyewe zikibaki kwenye diski ya kawaida iliyo nafuu. Nafasi iachwe angalau mara 2 ya ukubwa wake, kwa kuwa baadhi ya programu huandika faharasa upya kabla ya kufuta ya zamani.

Umeme nao uingie kwenye bajeti. Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuungwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, na umeme ukikatika wakati faharasa inaandikwa, inaweza kuharibika. Bila faharasa nakala bado zipo, lakini programu italazimika kuzisoma zote upya ili kupata stakabadhi moja. Betri ya kuwezesha kompyuta kuzimwa taratibu ni ya lazima.

Mnunuzi ahakikishe pia kuwa faharasa yenyewe inanakiliwa, na kwamba diski moja inatunzwa nje ya ofisi, kwa mfano Kigoma mjini. Kabla ya kumlipa muuzaji, amtake arudishe mbele yake stakabadhi moja ya mkulima kutoka kwenye nakala.