Nta ya masikio ni kinga, lakini harufu ya usaha si ya kupuuzwa

Kiangazi kinapowadia Nchiru, katika Tigania Magharibi, vumbi halimchagui mtu. Hutua juu ya mabati ya nyumba za kupanga, juu ya majani ya maharagwe mashambani, na juu ya wanafunzi wanaoshuka kwenye matatu za barabara ya Meru kuelekea Maua ili waingie Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Jioni wengi huoga, wakajifuta, kisha wakachukua kijiti cha pamba na kuanza kuchokoa masikio. Kijiti kikitoka na rangi ya kahawia, mwenyewe huridhika kuwa ameondoa uchafu.

Alichokiondoa ni kinga ambayo mwili wake ulikuwa umeitengeneza makusudi kwa ajili ya vumbi hilohilo.

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5 kutoka nje hadi kwenye kiwambo. Nta hutengenezwa katika sehemu ya nje tu, ile yenye vinyweleo. Hapo kuna tezi za aina mbili: moja hutoa mafuta, na nyingine ni za jamii moja na tezi za jasho la kwapa. Majimaji ya tezi hizo huchanganyika na seli za ngozi zilizokufa, nywele na vumbi, na mchanganyiko huo ndio nta.

Kazi zake ni kadhaa. Huzuia maji yasilowanishe ngozi laini ya ndani, hunasa vumbi na wadudu wadogo kabla hawajakifikia kiwambo, tena ina uchachu kidogo na kemikali zinazodhoofisha bakteria na kuvu. Sikio lisilo na nta kabisa huwasha na kukauka, na ni rahisi kupata maambukizi.

La kustaajabisha zaidi ni jinsi sikio linavyojisafisha. Ngozi ya mfereji haikai mahali pamoja. Husogea polepole kutoka kwenye kiwambo kuelekea nje, ikiibeba nta iliyozeeka. Taya linapotikisika kwa kuzungumza au kutafuna, nta hulegea na kusukumwa mbele hadi ikadondoka yenyewe bila mtu kujua. (Watafunaji miraa wa Nyambene wasije wakaifanya habari hii kuwa hoja mpya ya kutetea zao lao, ugali na githeri hutikisa taya vilevile.)

Kuhusu harufu, nta mpya aghalabu hainuki sana. Hata hivyo, maadamu baadhi ya tezi zake ni ndugu wa zile za kwapani, si ajabu kwamba zinanuka kwa sababu zinazofanana. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi humeng'enya mafuta na protini, na matokeo yake ni asidi nyepesi zinazopaa hewani na kuingia puani.

Mwaka 2006 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Koh-ichiro Yoshiura wa Chuo Kikuu cha Nagasaki, walitangaza kwamba tofauti ya herufi moja tu katika jeni iitwayo ABCC11 ndiyo inayoamua aina ya nta. Wapo watu wenye nta nyevu, yenye kunata na rangi ya asali au kahawia, na wapo wenye nta kavu ya kijivu inayopukutika kama pumba. Nta kavu ndiyo ya kawaida kwa watu wengi wa China, Japani na Korea. Barani Afrika karibu kila mtu ana ile nyevu. Jeni hiyohiyo huathiri harufu ya kwapa, na ndiyo sababu wenye nta kavu aghalabu hawana kikwapa.

Mnamo mwaka 2014 wanasayansi wa kituo cha Monell mjini Philadelphia, Marekani, walipima hewa inayotoka kwenye nta ya wanaume 16, nusu wazungu na nusu wenye asili ya Asia Mashariki. Walikuta kemikali zilezile 12 kwa wote, lakini 11 kati ya hizo zilikuwa nyingi zaidi kwa wazungu. Harufu hafifu ya nta, basi, ni urithi kama rangi ya macho, na sabuni haiwezi kuufuta.

Ipo harufu nyingine, na hii si ya kuzoewa. Sikio linalonuka uvundo huku likitoa usaha au majimaji halina tatizo la nta. Huenda kiwambo kimetoboka baada ya uvimbe wa sikio la kati, bakteria wakaweka makao humo, na usaha ukaendelea kutiririka kwa majuma au hata miaka. Aghalabu mwathiriwa ni mtoto wa shule. Wenzake hukataa kuketi naye dawati moja, naye hujitenga nyuma ya darasa, mahali ambapo kwa usikivu wake uliopungua ni vigumu zaidi kumsikia mwalimu. Alama zikishuka, huitwa mzembe.

Kenya ina ushahidi wake kuhusu jambo hili. Uchunguzi uliofanywa Mei 1992 katika shule za msingi za Kiambu ulihusisha watoto 5,368. Asilimia 8.6 walikutwa na nta masikioni na asilimia 1.1 walikuwa na ugonjwa sugu wa usaha. Baadaye watafiti waliwafuatilia Kiambu wanafunzi 524 wenye masikio yanayotoa usaha, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996. Wapo waliokaushwa masikio kwa pamba na kupewa pia dawa za kuua bakteria, za matone na za kumeza, pamoja na matone ya kupunguza uvimbe. Baada ya majuma 16 usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 51 yao. Waliokaushwa kwa pamba pekee walipona asilimia 22, sawasawa na wale ambao hawakutibiwa kabisa.

Matokeo hayo yalikuwa pigo kwa ushauri uliozoeleka, kwamba mzazi maskini akimkausha mtoto sikio kwa pamba inatosha. Haitoshi. Utafiti mwingine uliofanywa katika shule za Nyanza na kuchapishwa mwaka 2005 ulilinganisha matone ya ciprofloxacin na yale ya asidi ya boriki katika spiriti. Katika majuma mawili usaha ulikoma kwa asilimia 59 ya waliopewa ciprofloxacin, dhidi ya asilimia 32 ya wenzao.

Kwa watoto wadogo, uvundo wa sikio moja pekee unaweza kuwa na chanzo kingine: punje ya mahindi, ushanga au haragwe lililosukumwa ndani wakati wa mchezo. Katika nyumba za Meru maharagwe hayakosekani. Mzazi asimwage maji sikioni kulitoa, kwani haragwe likilowa huvimba na kukwama zaidi.

Kuhusu kijiti cha pamba, tatizo ni kwamba hutoa nta kidogo na kuisukuma iliyobaki hadi ndani, mahali ambapo haina njia ya kutoka. Huko hugandamana, sikio likaziba, likavuma, na mtu akahisi kizunguzungu. Visikizi vinavyozibwa masikioni kutwa nzima huzuia nta isitoke kwa namna hiyohiyo. Isitoshe, kijiti hutoboa. Nchini Marekani, kati ya mwaka 1990 na 2010, takriban watoto 263,000 walitibiwa katika vyumba vya dharura kwa majeraha ya vijiti hivyo, wastani wa 34 kila siku. Msumari, ufunguo na njiti ya kiberiti havina nafuu yoyote.

Wazee huzibwa zaidi kwa sababu nta yao hukauka na vinyweleo vya masikio, hasa kwa wanaume, huwa vigumu. Mara nyingi jamaa hudhani babu ameanza uziwi ilhali ni nta tu.

Nta iliyoziba inaweza kulainishwa kwa matone machache ya mafuta ya zeituni au gliserini kwa siku kadhaa. Ikikataa kutoka, mhudumu wa afya huiosha kwa maji yenye joto la mwili, kwani maji baridi huleta kizunguzungu. Tiba hizi zote mbili ni marufuku kwa sikio lenye usaha, maumivu au kiwambo kilichotoboka. Mwenye dalili hizo, au homa, au uvimbe nyuma ya sikio, anapaswa kumwona daktari, na kwa wakazi wa Nchiru hospitali kubwa zipo pande zote mbili za barabara: ya rufaa mjini Meru, na ya Methodisti huko Maua.