Kitimoto kwa viazi vya Gairo, na tegu asiyechagua dini

Leo naingia jikoni. Wale msiokula mdudu msiondoke, maana habari hii inawahusu hata nyie.

Hapa Dodoma mjini kitimoto mara nyingi inaletwa ya kukaanga, na ndizi na kachumbari pembeni. Mimi nyumbani naipenda ya mchuzi. Nachukua kilo moja yenye mhuri wa mkaguzi, nakata vipande vidogo, naipaka ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, natia maji kidogo na kufunika. Ichemke karibu saa nzima. Ndipo natia kitunguu, nyanya, na mihogo iliyomenywa na kutolewa ule mzizi wa katikati. Mihogo iwe mitamu. Ile michungu ina sumu, haifai kutupwa mchuzini hivi hivi. Viazi vitamu vya Gairo vinaingia mwisho, maana vinawahi kuvurugika. Kisu kikipita kwenye kiazi, epua.

Najua mtaniuliza: saa nzima ya nini, wakati kwenye baa wanageuza mara mbili tu wanakuletea? Hapo ndipo penye hoja yangu.

Nguruwe anayezurura akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, anameza mayai. Ndani ya nyama yake mayai hayo yanakuwa vijifuko vyeupe, vidogo kama punje. Ukila nyama hiyo haijaiva, tegu anakua tumboni mwako, mrefu mita kadhaa. Moto wa kutosha unaviua.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwenye tegu anatoa mayai chooni. Asiponawa mikono, kisha akakukatia kachumbari, unayameza wewe. Hapo umechukua nafasi ya nguruwe: vijifuko vinaota kwenye misuli yako, hata kwenye ubongo. Ndiyo moja ya njia za kupata kifafa, hata kama nguruwe hujawahi kumwonja.

Shemeji yangu ni Msabato. Alianza kuanguka akiwa mtu mzima, na ukoo ukasema kalogwa. Wengine waliogopa povu lake, eti linaambukiza (si kweli jamani!). Siku moja aliangukia jiko la mkaa, mkono ukaungua. Baada ya waganga wengi ndipo akapigwa picha ya kichwa, vijifuko vikaonekana. Leo anameza dawa kila siku na analima kama kawaida, ila kovu halifutiki.

Wala si sisi peke yetu. Upande wa magharibi wa kisiwa cha New Guinea, ulio chini ya Indonesia, nguruwe ndiye nyama ya sherehe, hupikwa na viazi vitamu kwa mawe ya moto. Miaka ya 1970 tegu aliingia huko na nguruwe waliotoka Bali. Mara hospitali zikaanza kupokea watu wa kabila la Ekari walioungua vibaya. Walikuwa wakishikwa na kifafa usiku, wamelala karibu na moto.

Kwa hiyo, wadau, kuacha nguruwe peke yake hakukulindi. Kinacholinda ni choo kinachotumika, nguruwe kukaa bandani, nyama kukaguliwa na kuiva mpaka kiini, na mpishi kunawa kwa sabuni. Mboga za kachumbari zioshwe kwa maji safi. Ukiona mtu mzima ameanza kuanguka, mpeleke hospitali. Na usijinunulie dawa ya minyoo ukidhani unatibu ubongo: vijifuko vikifa ghafla, ubongo unaweza kuvimba. Hiyo ni kazi ya daktari.

Mwenye kitimoto yake ya mchuzi alete mapishi hapo chini. Lakini mtuambie mnaichemsha muda gani!

Nawasilisha.