Wanyama wa Usiku Nani Atawahesabu?

Juzi, giza lilipokuwa limekwisha kuingia Kondele na akina mama wa sokoni wamewasha taa zao juu ya mafungu ya nyanya na omena, niliwakuta vijana watatu wa sekondari wameinamia simu moja. Walikuwa wakitazama picha za watalii waliokwenda kuwinda usiku kusini mwa Afrika: gari la wazi, taa kubwa, bunduki, na mwishowe nungunungu amelazwa chini huku mwindaji akitabasamu kando yake. Mmoja wao alinigeukia akauliza, "Mwalimu, hawa wanalipa, wanaua, kisha wanasifiwa. Babu yangu aliwinda kwa mbwa na rungu. Angefanya hivyo leo angefungwa. Haki iko wapi?"

Swali hilo, ndugu msomaji, halistahili kujibiwa kwa kemeo.

Tuanze na windo lenyewe. Nchini Afrika Kusini, mwenye shamba la wanyama huweza kumwuzia mgeni safari ya usiku ya kuwatafuta wasioonekana mchana. Taa ndiyo silaha ya kwanza. Wengi wa wanyama hao wana utando nyuma ya jicho unaorudisha nuru kama kioo, na ndio unaowawezesha kuona gizani. Wakimulikwa, macho yao hung'aa kama makaa na kuwafichua. Kilichoumbwa kimfae mnyama ndicho kinachomponza. Kakakuona naye ana msiba kama huo. Simba akimjia, hujikunja akawa tufe la magamba lisilotafunika. Jangili akimjia, humwokota tu akamtia guniani. Ndiyo sababu mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg, biashara ya kimataifa ya kakakuona wa aina zote nane ilipigwa marufuku.

Kenya ilishika njia yake mapema. Uwindaji wa starehe ulikatazwa mwaka 1977. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada ambao ungefungua tena mlango huo, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Sheria ya mwaka 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Kijana yule, basi, hakukosea kuhusu babu yake.

Je, katazo hilo limewaokoa wanyama? Mwaka 2016 mtaalamu wa takwimu Joseph Ogutu na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanyama wakubwa wa nyanda za malisho nchini walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka ule ule wa 1977. Watu wameongezeka, mifugo imeongezeka, ardhi imegawanywa na kuzungushiwa nyua. Lakini tazama namna hesabu hiyo ilivyopatikana: ndege iliruka mchana, na waliomo ndani wakawahesabu waliowaona. Tembo alihesabiwa, twiga alihesabiwa, pundamilia pia. Muhanga alikuwa amelala shimoni, na komba amejificha kwenye majani. Ikiwa wanaoonekana wamepungua kiasi hicho, wasioonekana wamebaki wangapi?

Hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili za mjadala huu. Wanaotaka uwindaji urudishwe husema kwamba mnyama mwenye bei hutunzwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini ni nani auzaye nafaka ya ghala asilolijua lina magunia mangapi? Wanaotetea katazo nao huridhika kwamba sheria imeandikwa. Sheria humzuia mwenye bunduki. Haimfikii anayempiga bundi mawe kwa kuwa amelia juu ya paa, eti anabashiri kifo. Kumbe bundi huyo amekesha akiwala panya wanaotumalizia mahindi. Mnyama wa usiku huuawa kwa njaa, kwa hofu na kwa tamaa, naye huondoka bila kuacha pengo ambalo macho ya mchana yanaliona.

Kwa hiyo neno langu ni kwa walimu. Hesabu na ianzie karibu. Kutoka Kondele hadi ziwani si mbali, na katika hifadhi ndogo ya swala ya Kisumu, iliyotengwa mwaka 1992, viboko hutoka majini usiku kuja kulisha. Sisemi watoto wapelekwe huko gizani, kiboko huua. Lakini usiku huacha maandishi yake: nyayo katika tope, kinyesi, miiba ya nungunungu, shimo la muhanga ubavuni mwa kichuguu. Maandishi hayo husomeka asubuhi, kwa daftari na kalamu, chini ya uangalizi wa mtu mzima. Vyama vya wanyamapori vimekuwa katika shule zetu tangu mwaka 1968. Kazi hii inavifaa.

Nilimjibu kijana yule hivi: "Haki ya babu yako kuwinda siwezi kukurudishia, lakini ujuzi wake usiuache uzikwe naye. Mwulize aliwaona wanyama gani, wapi, na katika miaka ipi. Yaandike. Kisha uende uangalie ni nani kati yao angali hapo."

Akaizima simu, akaniomba kalamu.