Kijiji cha Wapanda Mpunga katika Java: Ardhi Kiasi Gani Inatosha?

Leo tutavuka Bahari ya Hindi twende mpaka kisiwa cha Java, katika nchi ya Indonesia, tukaone namna watu wa kijiji kimoja wanavyoishi na ardhi yao. Na wewe ndugu msomaji, ambaye hukulisikia somo hili redioni bali unalisoma katika kijitabu, karibu pia. Chukua kalamu na karatasi, maana mbele kidogo iko hesabu.

Kwanza mfahamu kwamba watu hawa si wageni kwetu kama mnavyoweza kudhani. Mwingereza hutumia neno moja kwa karibu kila hali ya mpunga: ukiwa shambani, ukiwa guniani, hata ukiwa sahanini. Sisi tuna maneno matatu, mpunga, mchele na wali, na mtu akisema jana alikula mpunga, watoto watamcheka. Basi mtu wa Java naye anayo matatu yake: pari, beras na sega. Na yeye asipokula sega, hata akishiba muhogo, huweza kusema kwamba siku hiyo hajala.

Kijiji chenyewe chaitwa Sriharjo. Kiko katika wilaya ya Bantul, kama kilomita 20 kusini ya mji wa Yogyakarta, karibu na Imogiri yalipo makaburi ya wafalme wa Mataram. Mto Oya unapita hapo. Upande mmoja ni tambarare, upande mwingine ni vilima vya mawe. Nimekichagua kijiji hiki kwa sababu wataalamu wawili, Masri Singarimbun wa Chuo Kikuu cha Gadjah Mada na David Penny wa Australia, walikichunguza mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, wakatoa kitabu mwaka 1973. Moja la maswali yao lilikuwa jepesi, ambalo mkulima yeyote anaweza kulijibu bila ya kwenda shule: ardhi kiasi gani inatosha?

Kabla ya kulisikia jibu, tutazame ardhi yenyewe. Iliyo bora ni majaruba, yaani mashamba yaliyozungushiwa kingo za udongo ili maji ya mfereji yasimame ndani. Watu wa Java huyaita sawah. Miche huoteshwa kwanza kitaluni, kisha wanawake huipandikiza wakirudi kinyumenyume matopeni, mistari imenyooka kana kwamba imepigwa kwa rula. Hufuata palizi, kisha kulinda maji, kisha kuamia ndege. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto niliamia ndege katika dungu la babu yangu, na nilipoona picha ya mtoto wa Java amekaa katika kibanda, anavuta kamba ndefu iliyofungwa makopo na vitambaa, nilicheka peke yangu ofisini. Pakiwa na maji ya kutosha, jaruba huvunwa mara mbili kwa mwaka au zaidi, na katika kiangazi watu hupanda soya, karanga au mahindi.

Ardhi ya pili ni kiambo, yaani uwanja wa nyumba. Msidhani ni uwanja mtupu wa kufagia. Humo mna minazi, migomba, mipapai, muhogo, mianzi ya kujengea, kuku, na pengine mbuzi. Mtu mgeni akipita huona msitu tu, lakini mwenye nyumba anajua kila mti ni wa nini. Ya tatu ni ardhi kavu ya vilimani, nayo haina sifa kubwa.

Tena yako majaruba ambayo si ya mtu, ni ya kijiji. Jumbe wa kijiji, ambaye wao humwita lurah, na wasaidizi wake, tangu zamani walipewa majaruba ya kulima badala ya mshahara. Katika nchi ya Yogyakarta ardhi hiyo huitwa lungguh. Akistaafu hupewa sehemu nyingine, ndogo zaidi, iwe pensheni yake. Na liko fungu la tatu ambalo hukodishwa, fedha zake zikaingia katika hazina ya kijiji. Kwa maoni yangu mpango huu una akili nyingi, maana mtumishi wa watu hula kutokana na udongo ule ule wanaoulima wao. Lakini tusifumbe macho: jumbe huyo mara nyingi ndiye alikuwa mwenye majaruba mengi kuliko mtu mwingine yeyote kijijini, na maskini waliomba kazi kwake.

Sasa kalamu zenu. Katika Java mwanamke hurithi ardhi. Kuna desturi ya zamani isemayo kwamba mwana wa kiume apate mizigo miwili, kama mtu achukuaye mzegazega begani, na binti apate mmoja, kama achukuaye kikapu mgongoni. Lakini nyumba nyingi hugawa sawasawa. Chukua mume na mke wenye hekta 1, ambayo ni eka 2 na nusu hivi. Wana watoto wanne. Kila mtoto atapata robo ya hekta. Akioa au akiolewa, mwenziwe naye huja na robo yake, kwa hiyo nyumba mpya ina nusu hekta. Nao wakizaa wanne, kila nyumba ya wajukuu itakuwa na robo hekta. Robo hekta ni uwanja wa mita 50 kwa mita 50. Tokeni nje, mpige hatua ndefu 50 upande huu na 50 upande ule, kisha mkumbuke kwamba hapo ndipo patatoka chakula cha mwaka, karo, dawa na arusi. Na hesabu hii ni ya watu waliokuwa na hekta nzima hapo mwanzo.

Hayo si ya kubuni. Mwaka 1930 watu wa Java, pamoja na kisiwa kidogo cha Madura, walihesabiwa wakawa kama milioni 42. Mwaka 1961 walikuwa milioni 63. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya milioni 150. Kisiwa hakikukua.

Tulirudie swali letu. Watu wa Sriharjo walikuwa na neno lao, cukupan, maana yake ni hali ya mtu mwenye kutosha: si tajiri, lakini hakopi chakula, na akialikwa karamu ana cha kupeleka. Walisema nyumba ya mtu wa namna hiyo yahitaji hekta 0.7 ya majaruba, yaani karibu eka moja na robo tatu, na hekta 0.3 ya kiambo. Jumla hekta 1. Nyumba nyingi zilikuwa chini sana ya kipimo hicho, na nyingine hazikuwa na jaruba hata moja.

Serikali nayo ilikuwa na kipimo chake. Mwaka 1960 Indonesia ilitunga sheria kubwa ya ardhi, na nyingine iliyosema kwamba ifanyike juhudi kila nyumba ya mkulima ipate angalau hekta 2. Mahali penye watu wengi mno, mtu asiwe na majaruba ya kupita hekta 5. Mwaka huo huo ilitoka sheria ya ubia, yaani mtu mmoja kulima shamba la mwingine na kugawana mavuno: mapatano yaandikwe mbele ya jumbe, na ya majaruba yadumu si chini ya miaka 3. Zamani mapatano yalikuwa ya mdomo tu. Nusu kwa nusu yaliitwa maro, na palipokuwa na watu wengi wenye kutafuta shamba, mlimaji alikubali theluthi moja tu, iitwayo mertelu.

Nia ya sheria ilikuwa njema, lakini kuitimiza kulileta ugomvi. Katika miaka ya 1964 na 1965 wakulima wasio na ardhi, wakiongozwa na chama cha Kikomunisti, walianza kutwaa mashamba wenyewe, na wenye mashamba wakapambana nao. Kuanzia Oktoba 1965 watu mamia ya maelfu waliuawa katika Indonesia, wengi wao watu wa vijijini. Baada ya hapo kazi ya kugawa ardhi ilififia, na kwa miaka mingi mtu aliogopa hata kulitaja jambo hilo.

Mtauliza: basi asiye na jaruba aliishije? Alishikilia haki moja ambayo haikuandikwa katika karatasi yoyote, nayo ni haki ya kuvuna. Hapo nawaomba mtulie kidogo, kwa sababu kwangu mimi hili ndilo jambo lenyewe la somo hili.

Mpunga wa Java wa zamani ulivunwa kwa kisu kidogo kiitwacho ani-ani. Ni wembe mfupi uliotiwa katika kipande cha mti, hukaa kiganjani hata hauonekani. Mwanamke hukata suke moja, kisha jingine, kisha jingine. Wazee walisema mpunga una mwenyewe, Dewi Sri, na kwamba akiona kisu kikubwa atashtuka na kuondoka. Ukilitazama jambo hili kwa haraka utasema ni upumbavu, kazi ya siku moja kufanywa kwa siku tano. Lakini kazi iliyo polepole huhitaji mikono mingi. Siku ya mavuno wanawake walikuja kwa makumi, wa karibu na wa mbali, na mwenye shamba hakuthubutu kuwafukuza, maana angeaibika. Kila mmoja alibeba alichovuna mpaka nyumbani kwa mwenye shamba, na hapo akapewa sehemu yake, iitwayo bawon: moja katika kumi, au katika nane, au katika kumi na mbili, kufuatana na mahali. Jamaa na jirani walipimiwa kwa mkono mpana zaidi. Kwa njia hiyo mpunga wa mwenye majaruba uliingia katika vyungu vya wasio nayo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuja mbegu mpya, IR8, iliyotolewa katika nchi ya Ufilipino mwaka 1966, na nyingine zilizoifuata. Mbegu hii ilikomaa mapema, ikazaa sana ikipewa mbolea. Shina lake ni fupi, masuke hukomaa pamoja, na punje hupukutika upesi. Yafaa kukatwa kwa mundu na kupurwa pale pale shambani. Mwenye shamba sasa alikuwa na deni la mbolea, na mlangoni alisimama mchuuzi aliyetaka kununua mpunga ungali umesimama, siku chache kabla ya kuvunwa. Biashara hiyo huitwa tebasan. Mchuuzi akishanunua, mavuno ni yake. Huja na watu wake wachache wenye miundu, huwalipa fedha, na wanawake waliokuja na ani-ani wakaambiwa hakuna kazi. Mwenye shamba angeona haya kuwaambia hivyo, kwani ataonana nao kesho kisimani. Mchuuzi hakai hapo.

Mahali pengine ulitokea mpango wa katikati: mwanamke apandikize na kupalilia bure, ndipo apate ruhusa ya kuvuna shamba hilo. Hebu fikirini, kazi ya miezi inatolewa kuwa bei ya kuingia katika mavuno. Karibu na wakati huo huo mashine za kukoboa zilienea vijijini, na wanawake waliokuwa wakitwanga mpunga wa watu kwa ujira wakaachwa na kinu na mchi.

Sitaki mseme kwamba mbegu mpya ilikuwa laana. Mpunga uliongezeka sana, na mwaka 1984 Indonesia, ambayo ilikuwa ikinunua mchele mwingi kutoka nje, ilijitosheleza. Hasara nyingine ilikuja kwa dawa: wadudu wadogo waitwao wereng waliharibu mashamba mengi katika miaka ya 1970, dawa zikamwagwa, zikaua na buibui waliokuwa wakiwala wadudu hao, hata mwaka 1986 serikali ikakataza dawa 57 zisitumiwe katika mpunga.

Imefika barua ya msikilizaji mmoja ambaye alisikia somo letu la utangulizi juu ya Java. Anauliza: mtu asiye na jaruba, tena asiyeitwa kuvuna, alikula nini? Jibu ni kwamba alipanda mnazi. Katika sehemu hizo za kusini ya Yogyakarta mgema hupanda asubuhi na jioni, na mkewe huyachemsha maji ya mnazi mpaka yawe sukari, akatumia kuni nyingi na saa nyingi kwa fedha kidogo. Minazi aghalabu ni ya mtu mwingine, kwa hiyo hugawana siku: siku hizi maji ni ya mgema, siku zile ni ya mwenye mnazi. Wengine walisuka mikeka, au walipeleka ndizi sokoni, au walikwenda mjini kuendesha baiskeli za abiria.

Miaka mingi baadaye Masri Singarimbun aliitazama tena Sriharjo, akaona nyumba nyingi zimepata nafuu. Ardhi haikuongezeka, watoto walikuwa wamepata shule na kazi nje ya shamba. Tarehe 27 Mei 2006 tetemeko la nchi liliiangusha sehemu kubwa ya Bantul na kuua watu zaidi ya 5,700 katika nchi hiyo, na nyumba nyingi zilijengwa upya kwa kazi ya pamoja, ambayo wao huiita gotong royong. Tangu mwaka 2015 kila kijiji cha Indonesia hupata fungu la fedha kutoka serikali kuu. Lakini majaruba yamebaki membamba: katika hesabu ya kilimo ya mwaka 2013, kati ya nyumba za wakulima milioni 26, zaidi ya milioni 14 zilikuwa na ardhi isiyofika nusu hekta.

Vikundi vya kusikiliza, zungumzeni jambo hili: katika kijiji chenu, neno «kutosha» lina maana ya eka ngapi, na ni nani aliyelipima? Andikeni jibu mtuletee. Juma lijalo tutakwenda kisiwa cha jirani, Bali, tukaone namna wakulima wanavyogawana maji ya mfereji mmoja.