Mkwaju na Tunu: Mchezo wa Redio Ulivyopimwa kwa Mizani ya Sayansi

Wahenga walinena kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Tanzania ya miaka ya 1990 ilitoa nafasi adimu ya kuupima usemi huo: je, sikio lisilosikia mawaidha ya daktari laweza kusikia hadithi?

Mwezi Julai 1993, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa juma, nusu saa kila kipindi. Mhusika aliyekumbukwa zaidi alikuwa Mkwaju, dereva wa malori mwenye wapenzi katika safari zake, ambaye hatimaye anaambukizwa virusi vya UKIMWI. Mkewe, Tunu, anaanza akiwa mvumilivu, kisha anajifunza kujitegemea na kuachana naye. Uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI vilifumwa ndani ya kisa hicho, pasipo mhubiri wala mhadhiri.

Mbinu hiyo ilitoka Mexico, ambako Miguel Sabido alikuwa ametunga tamthilia za televisheni za namna hiyo tangu miaka ya 1970, akitegemea nadharia ya mwanasaikolojia Albert Bandura: binadamu hujifunza kwa kutazama yanayowapata wenzake. Kwa hiyo wahusika hupangwa katika makundi matatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wale wanaositasita katikati kama wengi wetu, ambao mabadiliko yao ndiyo somo lenyewe.

Kilichoutofautisha mchezo wa Tanzania ni jinsi ulivyochunguzwa. Watafiti, wakiwemo Everett Rogers na Peter Vaughan, waliufanyia jaribio linalofanana na majaribio ya dawa. Kwa miaka miwili ya mwanzo, kituo cha kurushia matangazo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo. Eneo lake likawa la kulinganishia. Watu walihojiwa kila mwaka kuanzia 1993 hadi 1997, na takwimu za kliniki za uzazi wa mpango zikapitiwa. Mwaka 1995 wakazi wa Dodoma nao wakaanza kuusikia.

Kila mhudumu wa afya anaielewa thamani ya mpango huo. Katika miaka hiyo habari za UKIMWI zilienea nchi nzima, na bila eneo la kulinganishia isingewezekana kutenganisha athari ya mchezo na athari ya kampeni nyingine. Matokeo yalionesha kwamba mahali mchezo uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Idadi ya wapenzi ilipungua kwa wanaume na wanawake, na matumizi ya kondomu yakaongezeka.

Jambo la kuzingatia zaidi ni njia ambayo athari hiyo ilipita. Wasikilizaji walianza kujiona kuwa wamo hatarini. Waliamini zaidi kwamba wanaweza kujikinga. Walijilinganisha na wahusika. Tena walizungumza: mume na mke, rafiki na rafiki. Jambo lililokuwa la aibu kulitamka lilipata mlango wa kuingilia, kwa sababu aliyesemwa alikuwa Mkwaju, si aliyeketi sebuleni.

Utafiti huo una mipaka yake. Mtu anayeulizwa kuhusu faragha yake huweza kutoa jibu la kumpendeza anayemhoji. Tena Dodoma ilikuwa eneo moja tu, na maeneo hutofautiana kwa mengi zaidi ya redio. Hata hivyo, matokeo ya dodoso na ya kliniki yalielekea upande mmoja, na uzito wake si wa kupuuzwa.

Lakini hadithi yenye nguvu ya kufunza ina nguvu pia ya kudumu akilini baada ya tiba kubadilika. Mkwaju alitungwa wakati VVU havikuwa na tiba ya kuvidhibiti. Mchanganyiko wa dawa wenye nguvu ulipatikana mwaka 1996, na huduma ya ARV bila malipo kwa umma nchini Tanzania ikaanza mwaka 2004. Leo mtu anayetumia dawa ipasavyo, na ambaye kiwango cha virusi mwilini mwake kimeshuka hata hakionekani katika kipimo, haambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Mama anayeishi na VVU akitumia dawa anaweza kujifungua na kunyonyesha mtoto ambaye hatapata maambukizi.

Walakini wagonjwa wapo wanaoingia kliniki na picha ile ya zamani: kwamba VVU ni adhabu ya mzinzi na mwisho wake ni kifo. Mwenye picha hiyo huahirisha kupima, humficha mwenzi wake, au huacha dawa kwa kuogopa kuonekana dirishani akizichukua. Kumtajia idadi ya vidonge hakuiondoi picha hiyo.

Hapa ndipo utafiti wa burudani unapoingia katika chumba cha ushauri. Mhudumu anaweza kuuliza swali jepesi kabla ya kueleza lolote: “Umesikia nini kuhusu ugonjwa huu, redioni, kwenye filamu au kwenye simu?” Jibu litaonesha hadithi anayoibeba mgonjwa, na sehemu yake iliyo kweli, iliyopitwa na wakati au ya uongo. Mgonjwa naye asione haya kusema, “Niliona katika tamthilia kwamba...” Maneno hayo si upuuzi, ni mwanzo mzuri wa mazungumzo.

Na kwa watunzi wa leo, afya ya umma inahitaji mhusika mpya: dereva anayepima mapema, anayemeza dawa zake safarini, na anayerudi nyumbani kulea wanawe.