Mgonjwa Huyu Aulizwe Uji

Lugha yetu ya pwani hutumia neno moja kwa mambo mawili: twala wali, na twala miraa. Lakini wali hushibisha, na miraa hufunga mlango wa tumbo. Ndani ya jani hilo mna kathinoni, jamaa ya amfetamini, ambayo huchangamsha ubongo na kuondoa njaa. Aliyeketi barazani akitafuna tangu alasiri hurudi usiku wa manane, akakuta sinia limefunikwa kawa, asiweze kumeza tonge. Ramadhani ndiyo tabu zaidi: wengine hutafuna baada ya futari, daku ikawapita vivi hivi, na kesho wakafunga juu ya njaa.

Majani haya hutoka mbali na minazi yetu. Miraa hutoka Igembe na Tigania, kwenye milima ya Nyambene huko Meru. Na muguka, ndugu yake wa bei nafuu, hutoka Mbeere, upande wa Embu. Nilipozuru Maua, kisha nikateremka hadi Mbeere, nilifahamu kwa nini wakulima hawataki kusikia habari ya marufuku. Katika ardhi kavu ya Mbeere mahindi huungua kwa ukame, muguka ukastahimili. Huko Meru kitita cha miraa hupelekwa hata kwenye posa. Jani ndilo karo, na ndilo unga. Hata hivyo, kina mama wa huko walinilalamikia yale yale ya Mombasa: githeri hupakuliwa, na kijana akaisukuma kando.

Mnamo Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha kwa muda amri ya Mombasa. Pakazuka mabishano makubwa juu ya biashara na afya, lakini sinia lililofunikwa likabaki pale pale.

Majumbani mwetu twajua njia mbili tu: kumfokea kijana, au kumlazimisha. Zote mbili humzidishia kuikimbia meza. Madaktari hawana kidonge maalumu cha kumtoa mtu kwenye miraa. Msaada wake ni ushauri nasaha, usingizi, na chakula cha kurejea kidogo kidogo. Aachapo, siku za mwanzo huwa mchovu, mzito wa moyo, na huota ndoto mbaya. Hizo ndizo siku za kukaa naye. Apewe bakuli dogo la uji asubuhi, aliwe pamoja naye, asihesabiwe vijiko.

Akizidi kukonda, au akikataa kula hata siku asizotafuna, apelekwe hospitali bila kuona haya. Huenda ana sonona, au maradhi ya kula yasiyohusiana na jani, nayo yana matibabu yake. Mamlaka ya kupambana na ulevi, NACADA, ina simu isiyolipiwa, 1192, ya kuomba ushauri.

Chuoni tulifundishwa kuwa mwili ni amana. Basi mwenye kuuponya asaidiwe, asiaibishwe. Wazee walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Huyu wetu, ndugu msomaji, aulizwe: ataka upi, saa ngapi, na angependa anywe na nani.