Kiazi Kitamu, Kiazi Kikuu na Gimbi: Istilahi za Kilimo katika Mpaka wa Busia na Tororo

Makala haya yanafafanua mazao matatu ambayo majina yake huweza kuchanganywa katika nyaraka zinazovuka mpaka wa Kenya na Uganda. Kiazi kitamu, Ipomoea batatas, ni mmea unaotambaa, na sehemu yake inayoliwa ni mzizi ulionenepa. Hupandwa kwa vipande vya marando juu ya matuta na kwa kawaida huvunwa baada ya miezi 3 hadi 6. Kiazi kikuu, cha jenasi ya Dioscorea, hakina udugu nacho: hupandwa kwa kipande cha kiazi chenyewe, hukwea miti, na mara nyingi hukaa ardhini miezi 8 au zaidi. Gimbi, Colocasia esculenta, hustawi mabondeni penye unyevu na huoteshwa kwa machipukizi.

Chanzo cha mkanganyiko ni Kiingereza cha kila upande. Nchini Uganda, neno “yam” hutumiwa sana kwa gimbi, ambalo kwa Kiganda ni mayuni. Nchini Kenya zao hilohilo ni nduma, na kwa Kiingereza cha huko huitwa “arrowroot”. Nchini Marekani, “yam” mara nyingi ni kiazi kitamu chenye rangi ya chungwa. Mfasiri anayetegemea kamusi pekee ataandika “kiazi kikuu” katika miktadha yote. Wenyeji, kinyume chake, hawakanganyiki: Wateso, walioko pande zote mbili za mpaka, hukiita kiazi kitamu acok, na vipande vyake vilivyokaushwa amukeke.

Kosa hilo lina gharama. Marando hubeba virusi na fukusi, hivyo ukaguzi wake mpakani haufanani na wa mbegu ya gimbi. Aidha, mwaka 2004 Uganda iliidhinisha aina za Ejumula na Kakamega, ya pili ikiwa na jina la mji wa Kenya. Rangi yake ya chungwa hutokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mwongozo wa lishe ukitaja kiazi kikuu badala yake, mtoto aliyekusudiwa hatapata kinga hiyo.

Kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, nyaraka za namna hii zitaongezeka. Inapendekezwa kila jina la zao liambatane na jina la kisayansi na jina la wenyeji, kabla ya hati kupigwa mhuri.